Discord kwa michezo ya kuigiza kwa maandishi: zamu inalindwa nusu tu

Kwa kikundi chenye wachezaji Goma na Kinshasa, wanaotunga hadithi kwa zamu, kila mmoja akiandika kama mhusika wake, Discord (programu ya gumzo yenye chaneli, yaani vyumba vya mazungumzo) inaishinda WhatsApp hasa kwa kipengele cha kupunguza mwendo (slowmode). Msimamizi anaweka pengo kati ya ujumbe na ujumbe, kuanzia sekunde 5 hadi muda wa saa 6, na mwenye vidole vyepesi hatumi mara tatu kabla wenzake hawajajibu. Ila pengo hilo humbana kila mtu peke yake, halijui zamu ni ya nani: wawili bado wanaweza kumruka wa tatu. Wasimamizi wenyewe hawabanwi, na mara nyingi ndio wakorofi.

Kwa hiyo bandikeni orodha ya zamu juu ya chaneli. Anayekawia anarukwa, lakini mhusika wake asisemeshwe wala asiuawe na mwingine. Saa 24 za kumsubiri mwenye zamu ni chache umeme ukikatika. Wekeni 48, na mtaje saa ya mji gani, maana Goma iko saa moja mbele ya Kinshasa.

Bila kulipia, ujumbe mmoja unaishia herufi 2,000. Onyesho refu likigawanywa, mtu huingilia katikati. Malizia kipande cha kwanza kwa "inaendelea". Gumzo la pembeni lipewe chaneli yake.