Kipimo cha unene wa rangi: mashine nzuri, karatasi ya 250 ni mwongo

Ukienda kununua kipimo cha unene wa rangi, usimuulize muuzaji kinafika mikroni ngapi (mikroni 1,000 ni milimita moja). Muulize kama amewahi kuzipima zile karatasi za plastiki za kusawazishia mashine, zenye unene ulioandikwa, zinazokuja ndani ya boksi. Changu kilikuja na tano: 50, 100, 250, 500 na 1000. Nne ziko karibu na maandishi yake, tofauti ya kusamehewa. Ile ya 250 nimeipima sehemu sita kwa maikromita, chombo cha kubana kinachosoma unene hadi mikroni moja. Nilifuta midomo ya maikromita kwa karatasi safi na kuifunga kwa racheti ili mkono usibane zaidi. 231. Nikafuta, nikapima tena. 231, mara moja tu 232.

Anayekagua gari kwenye yadi za Ngong Road atacheka, na kwa kazi yake ana haki. Rangi ya kiwandani mara nyingi huwa kati ya 80 na 150. Mlango ukisoma 270 umepigwa rangi upya, ukisoma 900 kuna fila, ile lipu ya kuzibia mabonyeo, chini yake. Kosa la asilimia 8 halitamfanya aone fila pasipo na fila.

Kwenye chuma cha ujenzi ni maumivu. Sema mkataba wa tangi unadai rangi ya mikroni 240 ikishakauka. Kanuni ni kusawazisha mashine kwenye sifuri, kisha kwa karatasi iliyo juu kidogo ya unene unaoutarajia, kwa hiyo ni hiyohiyo 250 utakayoishika. Umeiambia mashine 231 ni 250, nayo inatii: kila kipimo kinapanda kwa asilimia 8. Rangi ya 222 inasoma 240. Unatia sahihi. Mkaguzi wa mteja anakuja na kipimo chake, na tangi zima linarudi kukwaruzwa na kupigwa koti nyingine, kwa gharama ya nani? Si ya duka.

Nilirudi dukani baada ya wiki moja hivi, labda mbili, na karatasi na maikromita mkononi. Kijana wa kaunta hata maikromita hakuitazama. Alichukua vernia kaliper kwenye shelfu, akabana, akasema, "0.24. Mzee, si ni ileile tu?" Vernia yenyewe mistari yake ni ya 0.02, yaani mikroni 20! Kosa ninalolilalamikia linaingia lote ndani ya mstari mmoja wa chombo chake. Nilipomweleza akasema, "Hii si maabara. Tumeuzia wengi, wewe ndio wa kwanza." Wa kwanza kupima, ndugu yangu, si wa kwanza kudanganywa.

Sasa niseme ukweli hata kama sitaki: mashine yenyewe haina kosa. Inarudia. Iweke mahali pamoja mara tano, iinue kiasi cha shibiri kila mara, na itatoa namba zinazopishana kwa mikroni mbili au tatu tu. Ncha ina mfereji wa V, kwa hiyo haiyumbi juu ya bomba. Inabadili yenyewe kati ya chuma na alumini, jambo la maana kwa anayepima Subaru Legacy au Outback ambazo boneti yake ni ya alumini. Kipimo cha chuma pekee hapo hakisomi kitu. Bampa ya plastiki haisomi pia, usiilaumu.

Bamba la chuma kitupu la kuwekea sifuri, lililokuja na mashine, ni laini kama kioo, na hapo wengi wanaanguka. Chuma kilichopigwa mchanga, yaani kilichopuliziwa mchanga kwa nguvu ili kukisafisha, kina vilele na mabonde, na mashine huhesabu sehemu ya mabonde hayo kama rangi. Kabla rangi haijapakwa, pima chuma kitupu kilichopigwa mchanga sehemu kumi, chukua wastani, uutoe kwenye vipimo vyote vya baadaye. Kaa mbali na ukingo angalau sentimita 3. Betri ikianza kuisha, sifuri hutembea. Rudia sifuri kila baada ya saa moja hivi na kila ukitoka kivulini kwenda juani.

Nilitaka kuandika "usinunue". Halafu nikagundua mashine inakubali kuongezwa au kupunguzwa namba kwa vitufe vya mshale. Weka karatasi, bonyeza hadi isome 231, basi, imepona. Dakika moja, bila shilingi. Na hilo ndilo linaloniudhi upya: kijana yule angenionyesha hivyo pale kaunta, ningeondoka nikimsifu. Badala yake alinirudishia boksi akaenda kuhudumia mwingine.

Kwa hiyo nunua, lakini si kabla ya kupima karatasi zote mbele ya muuzaji. Huna maikromita? KEBS, shirika la viwango la Kenya, pale Popo Road, South C, Nairobi, wana maabara ya vipimo. Karatasi yenye mkunjo itupe, maana hewa iliyo chini yake inasomwa kama rangi. Yangu haina mkunjo. Nimefuta 250 kwa spiriti na kuandika 231 kwa kalamu ya wino mzito.