TAHADHARI: Muuza "STI" wa Kisasa, Dodoma, ni tapeli. Msimpe hela

Wakuu wa Dodoma, na wote mnaopenda Subaru popote mlipo: huyu jamaa wa Kisasa anayeuza magari ya sport kwa hadithi ya "nimehamishwa kituo, nauza haraka" ni tapeli. Nimekaa kimya muda mrefu kwa aibu, maana aliponiuzia Subaru akidai ni STI, lile toleo lenye nguvu na bei kuliko WRX ya kawaida, pale kijiweni Area D wote mlinipongeza, na wengine mlilipanda mkazunguka nalo. Sasa liko gereji Chang'ombe, injini imefumuliwa, vyuma vimepangwa juu ya gunia.

Na asitokee mtu wa kuniambia sikuangalia. Niliangalia.

Nilifika kwake jioni kama tulivyokubaliana. Gari linanguruma getini, boneti imeshapata moto. Nikamuuliza mbona umeliwasha mapema, akanijibu bila hata kupepesa macho: "Hili lina tabo mdogo wangu, halipigwi likiwa la baridi, lazima oili izunguke kwanza." Jibu la mtu anayejua gari! Na ni kweli gari la tabo, yaani turbo inayosukuma hewa kwenye injini, halikanyagwi injini ikiwa ya baridi, ndiyo maana ikaniingia. Akanipa ufunguo mwenyewe. Tukatoka hadi barabara kuu ya Dar, tukaenda mpaka Nzuguni tukageuza. Nilipokanyaga, tabo ikaita, mgongo ukabanwa kwenye siti, yeye pembeni anatabasamu tu, hasemi kitu. Injini kimya, haigongi. Moshi hakuna. Dashibodi haina taa hata moja inayowaka. Kalipa za breki (vile vyuma vinavyobana diski) za rangi ya dhahabu zinaonekana kwenye rimu, nyuma bawa kubwa, nembo ya STI ya pinki pale mbele.

Nilihesabu gia, nikakuta ni 5. Nikamuuliza. Akasema STI za mwaka huo zilikuja na gia 5. Akalisema kwa utulivu, kama mwalimu.

Tukarudi, mkewe akaleta juisi, watoto wanafanya homuweki sebuleni. Mkataba ulikuwa umeshachapwa. Milioni 18. Nikatuma kwa simu kutoka benki, yeye amesimama nyuma yangu anaangalia ninavyobonyeza, na meseji ilipoingia kwake akanishika bega akasema, "Mungu akubariki, gari hili nilikuwa namtafutia mtu wa kulitunza." Maneno hayo ndiyo yananikosesha usingizi. Anamtaja Mungu huku anajua kilichomo ndani ya ile injini.

Kwa nini nilimwamini? Aliyenileta kwake ni shemeji, na shemeji mnamfahamu, si mtu wa mchezo. Muuzaji mwenyewe ana kitambulisho cha kazi. Anakaa na familia. Kwenye kioo kulikuwa na stika ya ukaguzi, na karatasi yenye mhuri alinionyesha. Fundi wangu alikuwa Singida, nikaomba fundi mwingine, akasema kuna mmoja jirani, akaja na mashine yake ya kusoma makosa ya injini, akachomeka, haikutoa kosa hata moja. Nani angekataa hapo? Huyo fundi nimekuja kujua baadaye kuwa wanafanya kazi pamoja.

Mambo yalianza nilipotaka kulikatia bima kubwa. Wakataka likaguliwe kwanza. Mkaguzi hakuchukua muda hata kidogo. Breki ya mkono haishiki. Breki za mbele zinavuta upande mmoja. Bushi za mikono ya chini zimekwisha, beringi ya tairi la nyuma inalia. Matairi mawili yamepita umri: yale maandishi ya DOT ubavuni huishia na tarakimu 4, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, nami nilikuwa sijui kuyasoma. Halafu yote manne hayalingani, mawili mapya mawili yameisha, na kwenye Subaru ya kuvuta magurudumu yote hilo linaumiza difu ya katikati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, ndiyo maana lilikuwa linajikaza nikikata kona kali kwa mwendo mdogo pale kuegesha. Ekzosi imetolewa masega ya kuchuja moshi, kelele zimezidi. Chini oili inavuja. Na kwenye fremu ya mbele kulia kuna welding iliyofunikwa kwa puti na rangi nyeusi. Gari lilishapigwa, likanyooshwa.

Mkaguzi akanionyesha na namba ya chesisi: inaanza na GDA. STI ya kizazi kile ya Japani inaanza na GDB, na gia zake ni 6. Zile kalipa zimepakwa rangi tu. Nimeuziwa WRX ya kawaida iliyogongwa, kwa bei ya STI!

Nikampigia muuzaji. Akasema hayo ni madogo, gari zima ni injini. Akaniambia nitulie.

Basi tulikuwa na msiba Kibaigwa. Nimepita Chalinze Nyama salama, nakaribia Mbande nikasikia "ko, ko, ko" kutoka chini, nikipunguza mwendo inapungua, nikikanyaga inaongezeka. Nikazima pembeni palepale. Nililipa brekidauni kulirudisha mjini, na msiba sikuwahi kuzika. Shangazi yangu nimezikiwa na wengine kwa sababu ya huyu mtu, naomba mlielewe hilo.

Fundi wa gereji alipomwaga oili ikatoka nzito kama uji wa ulezi, imechanganywa na dawa ya kuzuia sauti. Beringi za fito (vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki) zimeliwa mpaka shaba inaonekana. Injini za EJ20, kama ya gari hili, zinajulikana kwa hilo zikikosa oili au zikiendeshwa na oili iliyopungua, na tabo inazidisha. Mkanda wa taiming hakuna anayejua ulibadilishwa lini. Unatakiwa ubadilishwe kwenye kilomita kama 100,000, na ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Halafu fundi akawasha swichi bila kuwasha injini, akaniambia angalia dashibodi. Taa ya injini haikuwaka. Inatakiwa iwake kwanza, ndipo izime injini ikishika. Balbu ilitolewa! Makosa yalifutwa kwa mashine, na taa ikanyamazishwa ili yakirudi nisione.

Mtu wa namna hii anatakiwa awe ndani. Si kuniomba radhi, si kunirudishia laki tano tano. Huko ni kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, ni kosa la jinai, RB (namba ya taarifa ya polisi) ninayo, na naomba vyombo husika visimwonee haya kwa sababu ya kitambulisho chake. Yule fundi wake naye aunganishwe, maana bila yeye nisingetuma ile hela. Gari lenye breki vile na fremu iliyochomelewa ningekuwa nimempakia mama yangu. Mnaelewa? Angekuwa ameua watu kwa ajili ya milioni 18. Wafungwe wote wawili, na hela zirudi.

Kwa anayenunua sasa hivi: fika asubuhi, ushike boneti, ikiwa na moto ondoka. Lisikilize likiwa la baridi. Angalia taa zote za dashi kabla ya kuwasha. Kadi ya gari aliyokuwa nayo huyu jamaa ilikuwa na jina la mtu mwingine wa Tanga, akasema "tutabadilisha tu", hapo napo muwe makini. Fundi awe wako, hata kama utamsubiri wiki. Na chesisi isomeni kwenye chuma chenyewe, msiishie kwenye kadi.

Nimeandika leo kwa sababu ameshatangaza gari lingine. Ni Toyota Altezza nyeupe, anasema ni RS200, lile toleo la sport, na hadithi ni ileile ya kuhamishwa kituo, ila safari hii anapokelea watu Ipagala. RS200 ya kweli chesisi yake ni SXE10, injini ya 3S-GE, silinda 4. Mkifungua mkakuta GXE10 yenye silinda 6, hiyo si RS200, ameshaanza. Kuna kijana wa UDOM ameniambia kesho anapeleka hela ya kushikia. Kama unamjua, mpigie usiku huu.