Google Scholar au Scopus: h-indeksi ipi uiandike kwenye CV?

Mtafiti wa tiba wa hospitali ya KCMC Moshi au chuo cha Nelson Mandela Arusha akiulizwa h-indeksi yake, yaani namba inayopima makala zake na zinavyonukuliwa na wengine, aseme kwanza ameitoa wapi. Kanuni ni ileile aliyoipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: h ni idadi kubwa kabisa ya makala ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara h. Mfano, makala zilizonukuliwa mara 40, 22, 9, 5 na 4 zinatoa 4, kwani ya tano ingehitaji kunukuliwa mara 5.

Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta makala za kitaaluma, huokota karibu kila kitu, hata tasnifu na makala ambazo hazijahakikiwa, ndiyo maana namba yake huwa kubwa zaidi. Ni bure. Tatizo ni majina: ukiuachia mfumo uongeze makala wenyewe, J. Mushi wa malaria atajikuta na kazi za J. Mushi wa kahawa. Chagua kuidhinisha kila nyongeza, kisha unganisha nakala zinazojirudia.

Scopus, hifadhidata ya makala ya mchapishaji Elsevier, huhesabu majarida yaliyochujwa, kwa hiyo jarida dogo la nyumbani linaweza kukosekana kabisa. Huko kosa hugeuka: mtu mmoja hupasuliwa wasifu mbili kwa sababu jina la kati aliliandika hapa, akaliacha pale. Omba ziunganishwe, kisha ziambatanishe na ORCID yako, namba ya utambulisho wa mtafiti yenye tarakimu 16.

Kwenye ombi la ruzuku, weka ya Scopus pamoja na tarehe uliyoisoma. Ya Google Scholar inafaa zaidi kujua nani anakunukuu. Wala usimpime daktari aliyeanza juzi kwa h ya profesa. Namba hii hupanda kwa umri wa kazi.