Rauta ya kamera za nyumbani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Anayetaka kuona kamera za nyumbani akiwa kazini au safarini huenda dukani akaulizia rauta yenye antena nyingi. Antena nne hazimfai kitu kama laini inayoingia nyumbani ni dhaifu upande wa kupakia. Kamera kazi yake ni kutuma picha, na zile Mbps zinazotangazwa mara nyingi ni za kupakua. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, pima kasi ya laini yako saa mbili usiku, mtandao ukiwa umejaa, na usome namba ya kupakia.

Hesabu yenyewe ni hii. Kamera ya 1080p inayotumia H.265 (njia ya kubana video) hutaka takriban Mbps 2 kwa picha kamili. Picha ndogo, ile ambayo programu ya simu hufungua kwanza, hutaka kama kbps 512. Kamera 4 kwa picha ndogo ni Mbps 2, hivyo Mbps 5 za kupakia zisizoyumba zinatosha kabisa. Kwa wa bando: dakika 10 za kamera moja kwa picha ndogo hula karibu MB 38, na saa nzima ya picha kamili hula kama MB 900. Ukiiacha kamera moja irekodi mfululizo kwenye wingu ni zaidi ya GB 21 kwa siku, kwa hiyo rekodi kwenye diski ya DVR (kisanduku kinachorekodi picha za kamera) au kadi ya kumbukumbu, na simu iwe ya kuchungulia tu.

Jambo la pili ni anwani ya IP, na hapa ndipo watu wanapoliwa hela. Fungua ukurasa wa rauta, tazama IP iliyoandikwa sehemu ya WAN (upande wa intaneti), kisha uilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kuangalia IP. Zikitofautiana, au ya WAN ikianza na 10 au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Laini za simu karibu zote ziko hivyo. Fundi akifungua poti (mlango wa kuingilia kutoka nje) 8000 au 37777 kwenye rauta yako hakuna kitakachopita, hata akijaribu siku nzima. Na hata pale inapowezekana, usikubali: mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na DVR nyingi zilizoachwa wazi zikiwa na nywila za kiwandani, na mwaka 2021 likagunduliwa tundu kwenye kamera za Hikvision lililomruhusu mvamizi kuingia bila nywila yoyote. Tumia njia ya P2P, yaani programu ya simu ya Hik-Connect kwa Hikvision au DMSS kwa Dahua. DVR yenyewe ndiyo inayotoka nje kutafuta seva ya kampuni ya kamera, kwa hiyo hakuna poti ya kufungua.

Sasa tupange.

1. Faiba na rauta ya kawaida yenye poti za LAN (matundu ya kuchomeka waya). Kama faiba imefika mtaani, usihangaike na kingine. Kisanduku cha mtoa huduma mara nyingi kinatosha. Kikiwa na Wi-Fi hafifu, ongeza rauta ya aina ya TP-Link Archer C6 na uiweke kwenye hali ya Access Point (isambaze Wi-Fi tu) ili usiwe na rauta mbili zinazogawa anwani.

2. Rauta ya 4G ya mezani, mfano TP-Link TL-MR6400. Hii ndiyo ya shamba, ya nyumba inayojengwa na ya mtaa usio na faiba. Iwe na poti za LAN, antena zinazofunguka, na masafa ya Band 3 na Band 20. Zilizotumika Marekani ziogope, nyingi hazina masafa ya huku. Iweke dirishani upande wa mnara na uangalie RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara): -95 dBm ni nzuri, ikishuka hadi -110 picha itagandaganda. Chini ya bati bila dirisha, tegemea mabaya.

3. MikroTik hAP ax². Kwa anayetaka VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani) yake mwenyewe bila kutegemea seva ya kampuni ya kamera. Huduma yake ya Back To Home hufanya kazi hata bila IP ya umma. Ila mipangilio yake inahitaji mtu anayeijua. Kwa nyumba ya kawaida naiweka ya tatu.

4. Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoingia Kenya mwaka 2023. Hufaa pale ambapo hata 4G haishiki. Tatizo ni umeme: seti ya kawaida hula wati 75 hadi 100, na rauta ya 4G haifiki wati 10.

5. MiFi ya mfukoni. Usinunue kwa kazi hii. Nyingi hazina poti ya LAN, na hujizima zenyewe zikiona hazitumiki.

Bajeti ya rauta iwe pamoja na UPS ndogo ya DC, maana umeme ukikatika ndipo kamera inapohitajika zaidi. Usidanganywe na namba ya mAh: 8800 mAh huhesabiwa kwa volti 3.7, ambayo ni Wh 32 hivi. Rauta ya wati 6 itakaa kama saa 4 na nusu. Ukiunganisha na kisanduku cha faiba, saa 2 na kidogo. Soma lebo chini ya rauta kabla ya kuchomeka, kwani ya volti 9 ukiipa 12 unaweza kuiunguza. DVR yenye diski na kamera 4 ipe UPS yake kubwa.

Kufunga: waya wa LAN kutoka rauta hadi DVR, washa DHCP kwenye DVR (ipewe anwani na rauta), kisha ifungie anwani hiyo kwenye rauta. DVR iliyobaki na 192.168.1.64 ya zamani huku rauta mpya inagawa 192.168.0 haitapata intaneti kamwe. P2P ikiandika Offline ilhali intaneti ipo, jaza DNS 8.8.8.8 na urekebishe saa iwe GMT+03:00. Kamera za Wi-Fi nyingi hushika 2.4 GHz pekee, kwa hiyo tenganisha majina ya 2.4 na 5. Zima UPnP, inayofungua poti za rauta yenyewe. Mwisho zima Wi-Fi ya simu, toka nje ya geti, ufungue kamera kwa data ya laini nyingine. Ikifunguka ukiwa umekaa sebuleni kwenye Wi-Fi ileile, bado hujapima chochote.