Darasa la kompyuta la jioni hapa Moshi: maoni ya fundi cherehani

Nimeshona miaka ishirini na miwili karibu na soko la Mbuyuni, na kompyuta nilikuwa naiona steshenari tu nikienda kutoa kopi. Mwanangu ndiye aliyenisukuma. Nikalipa elfu themanini kwa wiki sita, saa kumi na moja hadi saa moja jioni, chumba cha ghorofani nyuma ya stendi.

Nianze na kasoro, maana ziliniuma. Tangazo lilisema kila mtu na mashine yake. Tulikaa watatu kwa moja, na kwenye yetu kitufe cha A hakishuki mpaka ukigandamize kwa dole gumba. Jina langu lina A nne. Umeme nao ukikatika ndiyo basi. Mara mbili nilipoteza barua niliyoihangaikia nusu saa, kwa sababu somo la kuhifadhi kazi lilikuja wiki ya tatu! Barua pepe, kitu nilichokifuata mimi, ilipitishwa mbiombio.

Lakini mwalimu, jamani. Siku ya kwanza hakuwasha mashine hata moja. Aliposikia mimi ni fundi akaniuliza, "Mama, maua ya kitambaa yanaingiaje?" Nikamwambia inategemea: ya kitenge yamechapwa, ila ya damaski yamefumwa, geuza nyuma utaona nyuzi. Akafurahi kama nimempa zawadi. Akatoa kadibodi yenye matundu, akatueleza habari za Mfaransa Joseph Marie Jacquard, ambaye mwaka 1804 alitengeneza mtambo wa kufumia unaoongozwa na kadi za namna hiyo. Penye tundu uzi unainuliwa, pasipo tundu unabaki chini. Ukitaka ua jingine unabadili kadi, mtambo ni uleule. Charles Babbage wa Uingereza akazichukua kadi hizo kwenye mipango ya mashine yake ya hesabu, ambayo hakuimaliza, na mwaka 1843 mwanamke mwanahisabati, Ada Lovelace, akaandika kwamba mashine hiyo ingefuma hesabu kama mtambo wa Jacquard unavyofuma maua na majani.

Niliweka kalamu chini. Wiki zote zilizofuata, kila aliposema kompyuta huandika kila kitu kwa moja na sifuri, mimi niliona tundu na pasipo tundu. Herufi A ndani ya kompyuta ni 01000001. Ndiyo hiyohiyo A iliyokuwa ikinitesa.

Mzee mmoja mstaafu wa uhasibu, tuliyekuwa naye benchi moja, akaleta na la kwetu: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Vijana wakacheka. Yeye hakucheka.

Somo la intaneti lilikuwa fupi, ila lilinitoa ushamba. Nilidhani yote inatoka kwenye minara. Kumbe mnara ni wa kipande cha mwisho tu; kutoka ng'ambo inapita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kama ule wa kampuni ya SEACOM uliofika Dar es Salaam mwaka 2009.

Kwa elfu themanini sijutii, ingawa wangesema ukweli kuhusu idadi ya mashine. Ukienda, fika saa kumi na nusu uwahi ile ya dirishani. A yake inashuka.