Jaketi la Gikomba katika Dhoruba ya Buffalo

Mwezi wa Novemba 2022, dada yangu aliponialika kwenda kula naye Krismasi mjini Buffalo, katika jimbo la New York, nilinunua vitu viwili kwenye kibanda kimoja cha mitumba pale Gikomba, soko la Nairobi: jaketi refu la baridi kwa shilingi 3,500 na jozi ya buti za theluji kwa shilingi 2,000. Katika duka moja la nguo mpya hapa mjini nilikuwa nimetajiwa shilingi 26,000 kwa jaketi peke yake, nikashukuru na kutoka.

Muuzaji ni mama wa makamo anayeuza nguo za baridi tupu mwaka mzima, biashara ambayo mtu anaweza kuidhania ya kichaa katika jiji ambalo baridi yake kali ni ile ya Julai. Wateja wake ni wanafunzi wanaokwenda ng'ambo, wapanda Mlima Kenya, walinzi wa usiku na madereva wa bodaboda. Nilimkuta siku ya kufungua beli, na jaketi langu lilikuwa bado halijatundikwa. Aliniambia nilikunje na kulikamua kwa nguvu kama ninayefua, kisha niliachie na kuhesabu. Kabla sijafika kumi lilikuwa limeumuka tena lote, isipokuwa sehemu ndogo chini ya kwapa ambapo manyoya yalikuwa yameshikana. Lebo ya ndani ilisema limejazwa manyoya ya bata, mengi yakiwa yale malaini ya kifuani, na kidogo tu yale yenye vijiti. Akalinyanyua dhidi ya jua ili tutafute matundu. "Hii ni kamera, mwanangu," alisema, akitumia jina ambalo Gikomba huita nguo za daraja la kwanza, "lakini kwa zipu usiniamini mimi, iamini mikono yako." Zipu kweli ilikuwa inaachia katikati. Fundi aliyekaa hatua chache kutoka hapo alibadilisha kichwa chake kwa shilingi 150, na hiyo zipu haijanisumbua mpaka leo.

Buti hatukuzipima hivyo. Zilikuwa safi, soli haikuwa imelika hata kidogo, nami nikaona hilo ni dalili njema. Nitarudi kwenye kosa hilo.

Nilifika Buffalo tarehe 20 Desemba. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 23 kulikuwa na mvua ya kawaida, ya kuvumilika kwa mtu wa Nairobi, kisha katika saa chache mvua ikageuka theluji na upepo ukaanza kuvuma kwa namna ambayo sijapata kuisikia. Dhoruba yenyewe ilikuwa imetandaa karibu nchi nzima. Zaidi ya watu milioni 200 nchini Marekani walikuwa wamewekewa tahadhari ya aina moja au nyingine. Buffalo ilipata adhabu ya ziada kwa sababu ya mahali ilipo, kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie. Maji ya ziwa hilo yalikuwa hayajaganda, kwa hiyo hewa ya baridi kali iliyopita juu yake kwa urefu wake wote ilibeba joto na unyevu, ikaja kuumwaga juu ya mji kwa sura ya theluji. Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani huhitaji upepo wa takribani kilomita 56 kwa saa na uwezo wa kuona usiozidi mita 400, kwa saa tatu mfululizo, ndipo waite hali hiyo "blizzard", yaani dhoruba kamili ya theluji. Buffalo ilikaa hivyo kwa zaidi ya saa 36. Uwanja wa ndege ulipimwa theluji ya takribani sentimita 132, na kaunti ilipiga marufuku magari barabarani.

Umeme ulikatika nyumbani kwa dada yangu usiku wa Ijumaa, na tanuri la kupasha nyumba joto likazimika nao. Hapo ndipo jaketi lilipoanza kazi, kwanza ndani ya nyumba. Nililala nalo kwa usiku mbili, juu ya sweta moja ya sufu, na sikutetemeka. Jumamosi tulitoka mara moja kufukua bomba la kutolea moshi la tanuri, ambalo likizibwa na theluji huweza kurudisha hewa ya sumu ndani umeme ukirejea. Ilikuwa mwendo wa hatua kumi, tukafuata ukuta kwa mkono kwa sababu sikuwa naona kidole changu. Ule utepe wa manyoya bandia kwenye kofia ya jaketi, ambao nilikuwa nimetaka kuung'oa kwa kuona ni urembo, ulivunja upepo mbele ya uso wangu. Dada, ambaye kofia yake haina utepe huo, alirudi shavu likiwa jeupe kama chokaa. Kasoro niliyoiona ni kwamba manyoya hayapatani na maji. Nje, theluji kavu ilipukutika yenyewe, lakini nilipokaa ndani na jaketi bila kulikung'uta, iliyeyuka mabegani na sehemu hiyo ikasinyaa hadi kesho yake.

Buti zilikufa Jumatatu tarehe 26, nilipokuwa nikimsaidia jirani kuchimba njia. Soli ya kulia ilipasuka katikati, kisha ikaanza kumeguka vipande kama keki iliyokauka, na soksi ikalowa papo hapo. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha katika kaunti hiyo, wengine wakiwa ndani ya magari yao, wengine nje wakitembea. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka mlangoni. Kama zingepasuka Jumamosi, mbali na nyumba, nisingekuwa naandika kwa utulivu huu.

Niliporudi Januari nilimwonyesha mama yule picha kwenye simu. Hakubisha. Alisema kuna soli za povu ambazo huoza ndani kwa ndani zikikaa stoo miaka mingi, na kwamba kiatu kikuukuu kisichovaliwa ndicho cha kuogopwa zaidi, jambo ambalo lingenisaidia sana Novemba. Alinirudishia shilingi 1,000, akaniongezea jozi ya glavu za sufu, na tangu hapo nimemwona akizikunja buti za wateja mbele yao kabla ya kutaja bei.

Jaketi nalipatia alama tisa kwa kumi, buti moja, na huduma ya kibanda saba. Kwa matumizi ya hapa nyumbani, hata hivyo, silipendekezi: Julai iliyofuata nililivaa kwenda Limuru alfajiri, na matatu haikuwa imefika Ruaka nilipolivua na kulipakata kama mtoto mpaka mwisho wa safari.