Uzoefu wangu na Process Explorer: kukifuata kinachoila prosesa hadi kwenye uzi wenyewe

Feni inavuma, kompyuta imekuwa nzito, na Task Manager inasema svchost.exe inakula asilimia 25 ya prosesa. Wengi hukwama hapo, maana jina hilo halisemi lolote. Svchost ni ganda tu ambalo Windows huendeshea huduma zake, na ganda moja huweza kubeba huduma kadhaa. Kwa kazi hii natumia Process Explorer, programu inayoonyesha kila mchakato (process, yaani programu inayoendeshwa) na kilichomo ndani yake, na sijaona zana ya bure ya Windows inayolijibu vizuri zaidi swali lenye maana hapa: ndani ya mchakato huo, ni kitu gani hasa kinachozunguka bila kupumzika?

Ni kazi ya Mark Russinovich, na tangu Microsoft iinunue Sysinternals, iliyokuwa ikizitoa zana zake, mwaka 2006 inatolewa bure kwenye tovuti ya kampuni hiyo. Haisakinishwi. Unafungua faili ya zip na kuendesha procexp64.exe. Iendeshe kama msimamizi kila mara, kwa kubofya kulia na kuchagua Run as administrator, la sivyo michakato mingi ya mfumo itaonekana bila maelezo, na mara nyingi mshukiwa yumo humo humo.

Kabla ya kuifungua, angalia kitu kimoja ambacho yenyewe haitakuonyesha: kasi ya prosesa kwa sasa, kwenye ukurasa wa Performance wa Task Manager. Prosesa ya 2.4 GHz iliyokwama kwenye 0.8 GHz, kwa sababu ya joto au chaja isiyotoa umeme wa kutosha, hufanya kila programu ionekane mlafi. Hapo dawa ni kusafisha feni au kubadilisha chaja. Ukianza kufuta programu utahangaika bure.

Ndani ya Process Explorer, bofya kichwa cha safu ya CPU ili wanaokula zaidi wapande juu. Usitishwe na System Idle Process ikiwa na 90, kwani hiyo ni prosesa iliyopumzika. Ukitaka kurudi kwenye mti unaoonyesha nani kamzaa nani, bonyeza Ctrl+T. Mti huo ni muhimu: mchakato wa powershell.exe uliozalishwa na programu ya kuandikia nyaraka ni jambo la kutiliwa shaka papo hapo.

Sasa hesabu ndogo ninayoiona kuwa ufunguo wa kazi yote. Gawanya 100 kwa idadi ya prosesa za kimantiki (Logical processors kwenye ukurasa ule wa Performance). Zikiwa 4 unapata 25, zikiwa 8 unapata 12.5, zikiwa 12 unapata takriban 8.3. Mchakato ukiganda kwenye namba hiyo dakika nzima, bila kupanda wala kushuka, kwa kawaida kuna uzi mmoja tu (thread, mfululizo mmoja wa maagizo ndani ya mchakato) uliokwama kwenye mzunguko. Namba ikipanda na kushuka, huenda ni kazi halali inayoendelea, na mara nyingi ni bora kuisubiri iishe. TiWorker.exe, inayosakinisha masasisho ya Windows, ni mfano mzuri. SearchIndexer.exe nayo hutulia ikimaliza kuorodhesha faili mpya.

Bofya mara mbili mchakato huo, nenda kwenye kichupo cha Threads. Nyuzi zinapangwa kwa matumizi ya CPU, na safu ya Start Address inataja faili ambamo kila uzi ulianzia. Kwa svchost kuna pia safu ya Service, inayotaja huduma yenye uzi huo. Hiyo peke yake inatosha kuipendelea zana hii. Kuanzia Windows 10 toleo 1703, kompyuta zenye zaidi ya GB 3.5 za RAM hutenganisha huduma nyingi, kila moja na ganda lake, lakini si zote.

Hapa pana mtego. Ukiona ntdll.dll!TpReleaseCleanupGroupMembers+0x450, usianze kutafuta maana ya jina hilo. Zana haina alama (symbols) za kusomea majina ya sehemu za ndani za faili hiyo, kwa hiyo imechukua jina la karibu iliyolipata. Kwa kweli ni uzi wa kawaida wa kundi la wafanyakazi (thread pool, nyuzi zinazosubiri kupewa kazi yoyote), na mahali ulipoanzia hapakwambii unafanya nini sasa. Nenda Options, kisha Configure Symbols, uelekeze kwenye dbghelp.dll inayokuja na Debugging Tools for Windows, halafu kwenye njia ya alama uandike srv*C:\Symbols*https://msdl.microsoft.com/download/symbols. Baada ya hapo uchague uzi unaokula zaidi na ubofye kitufe cha Stack, kinachoonyesha mlolongo wa kazi uliomo uzi huo kwa wakati huo, mara tatu nne kwa kupishana sekunde chache. Faili ya .dll isiyo ya Windows inayojirudia kila mara ndiyo ya kuifuatilia: huenda ni ya printa, ya kicheza video, au nyongeza ya menyu ya kubofya kulia iliyojipenyeza ndani ya explorer.exe.

Kuthibitisha, usiue. Bofya kulia mchakato, chagua Suspend. Prosesa ikitulia umempata, na Resume inamrudisha kazini. Usifanye hivyo kwa michakato ya mfumo, na kamwe usiue csrss.exe, kwani Windows nzima itaanguka. Kuua uzi mmoja ndani ya programu nako sikushauri. Uzi unaweza kufa ukiwa umeshika kufuli ambalo wenzake wanalisubiri, na programu ikaganda moja kwa moja.

WmiPrvSE.exe, inayojibu maswali ya programu nyingine kuhusu hali ya kompyuta, inahitaji njia nyingine, kwa sababu yenyewe hutumwa tu. Mwenye kuuliza maswali yasiyokwisha ni programu nyingine. Fungua Event Viewer, shuka hadi Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, WMI-Activity, Operational. Kwenye matukio ya namba 5858 tafuta ClientProcessId, kisha linganisha namba hiyo na safu ya PID (namba ya mchakato) ya Process Explorer. MsMpEng.exe ya Defender, kinga-virusi ya Windows, nayo inalindwa, kwa hiyo huwezi kuona stack ya nyuzi zake hata ukiwa msimamizi. Kama tatizo ni uchunguzi wa ratiba, amri ya PowerShell Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20 huushusha kutoka kiwango cha kawaida cha 50. Haigusi ulinzi wa muda wote.

Udhaifu mkubwa wa Process Explorer kwangu ni kutotunza historia. Grafu za Ctrl+I hukuonyesha nani alikuwa juu ukipeleka kipanya kwenye kilele, lakini historia huanza pale ulipoifungua na hupotea ukiifunga. Tatizo la saa nane usiku halitaonekana asubuhi kama hukuiacha wazi. Ukiiacha, weka Update Speed kwenye sekunde 5 au 10, kwa kuwa kwenye nusu sekunde yenyewe inakula kiasi.

Mstari wa Interrupts, yaani muda ambao prosesa inakatizwa ili kuhudumia vifaa, ndipo inapofika mwisho wa uwezo wake. Kompyuta ikiwa imetulia, natarajia kuona chini ya asilimia 1 au 2 pale. Ikikaa 10 bila kushuka, tatizo ni draiva (programu inayoendesha kifaa) au kifaa chenyewe, na Process Explorer haitaji ni kipi. Chomoa vifaa vya USB kimoja kimoja, kisha zima kadi ya Wi-Fi kwenye Device Manager, ukitazama mstari huo kila hatua. Usipopata jibu, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika wpr -start CPU, subiri sekunde 30, kisha wpr -stop C:\cpu.etl. Faili hiyo ukiifungua kwa Windows Performance Analyzer, grafu ya DPC/ISR (kazi za kukatizwa huko) inataja draiva kwa jina la faili yake ya .sys.